Mbona Kwangu Inakubali?

Programu yako inakubali kwenye laptopu yako, kwa wenzako inagoma. Usione haya, huo ndio mtaji wako. Siku itakapokubali kwa kila mtu, nani atakupigia simu ukiwa likizo?

1. Anza na jina. Mazingira ya programu lazima yawe na jina, hapo hatubishani. Yaite "test". Yakiharibika tengeneza "test2", halafu "mpya", halafu "mpya_kweli", na yale yanayofanya kazi yafiche ndani ya "test" ya mwanzo. Docker nayo itakusaidia: usipotaja lebo, imeji inapewa "latest". Wengi wanaamini hiyo ndiyo imeji mpya kuliko zote. Waache waamini. Ni lebo tu, inaweza kukaa juu ya imeji ya mwaka juzi na asishtuke mtu. Akitokea mjuaji anayetaka imeji itajwe kwa alama yake ya sha256, ambayo haibadiliki, mjibu kwamba haisomeki. Kweli haisomeki.

2. Usifunge matoleo. Kwenye requirements.txt andika majina matupu: pandas, numpy, basi. Atakayesakinisha miezi sita baadaye atapata matoleo mengine na makosa mengine, na atakuja kwako. Faili la package-lock.json, ambalo npm inalitengeneza yenyewe tangu 2017, lifute kila linapoleta mgongano kwenye Git, useme umesafisha. Nani atapinga usafi? Mtu akikukumbusha Machi 2016, kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 kilipoondolewa kwenye npm na miradi kibao ikashindwa kujengeka, una jibu: hata kufunga matoleo kusingesaidia, kifurushi chenyewe hakikuwepo! Hoja imekufa. Ongeza kifurushi kingine.

3. Gawa bila kutoa. Anayeomba mazingira yako usimnyime, wanyimaji husemwa. Kama unatumia conda, endesha conda env export na umtumie faili lote vilevile lilivyo. Humo mna kila toleo, mna alama za ujenzi zinazolingana na mfumo wako peke yako, na mwishoni mna mstari wa prefix unaotaja folda ya nyumbani kwako. Mwenzako wa Windows akijaribu kufungua kilichotoka Linux, ataambiwa vifurushi havipatikani. Kuna --from-history, inayoandika vile tu ulivyoviomba kwa mkono wako. Hiyo ibaki siri yetu.

4. Rekebisha ndani kwa ndani. Ingia kwenye kontena, sakinisha unachotaka, kisha piga docker commit. Matokeo yamehifadhiwa, namna ulivyoyapata haikuandikwa popote, na wewe mwenyewe ukifika Ijumaa umeshasahau. Dockerfile ibaki mahali pake kama picha ya harusi ukutani: wageni wanaisifia, waliomo hawafanani nayo tena.

5. Tumia jiografia. Hii wenzetu wa London hawaifaidi kama sisi. Laptopu yako ya Dar iko saa tatu mbele ya UTC, na seva nyingi zimewekwa UTC. Andika jaribio linaloitegemea tarehe ya leo. Mchana kutwa litapita. Kati ya saa sita na saa tisa usiku, kwako ni leo na kwenye seva bado ni jana, jaribio linaanguka. Asubuhi wakikuita, liendeshe mbele yao. Litapita. Toka bila kusema neno.

6. Kijana mpya. Atakuja na Nix, kisimamizi cha vifurushi. Atakueleza kwamba Eelco Dolstra aliitetea kwenye tasnifu yake ya Utrecht mwaka 2006, na kwamba amri moja itampa kila mtu mazingira yaleyale, leo na mwakani. Usibishane naye, yuko sahihi na ana muda. Mpongeze mbele ya bosi, umpe kazi ya kuandika nyaraka kwanza, halafu mbadilishie laptopu apewe Mac ya M1 wakati imeji zenu zote zimejengwa kwa ajili ya chipu za amd64.

7. README. Chini ya "Jinsi ya kusakinisha" weka mstari mmoja: "Ukikwama, niulize." Namba ya simu usiandike. Anayekuhitaji kweli atakutafuta.