Mwiko wa Mama kwenye Kichwa cha Gita

Maji yalikuwa yamechemka, unga wa kwanza umeshaingia, na wakwe walikuwa wameketi sebuleni, nilipopeleka mkono ukutani kuchukua mwiko nikagusa msumari mtupu. Ilikuwa Jumamosi jioni, huku kwetu Nyantende kote kunanuka moshi wa kuni, na bugali iliyoanza kushika haimngoji mtu. Nilisonga bugali ya watu tisa kwa mchi wa kutwangia sombe. Ilitoka na madonge. Wageni walikula kwa adabu, wakasifu sambaza, wakasifu lengalenga, bugali hawakuitaja. Kimya kile kiliniuma kuliko maneno.

Mwiko wenyewe haukuwa wa sokoni. Mama yangu alinikabidhi siku niliyoolewa, naye aliupokea kwa mama yake. Ubapa wake ulikuwa umelika upande mmoja kwa mshazari, maana wanawake watatu, wote wa mkono wa kuume, walikuwa wamekwangua nao chungu na sufuria kwa upande uleule tangu kabla sijazaliwa. Ningeutambua gizani.

Niliukuta usiku huo kibandani nyuma ya nyumba, mpini umekatwa, ubapa umepasuliwa kwa msumeno ukawa vibao viwili vyembamba kama jalada la kitabu. Kijana wangu wa pili alikuwa amesimama kando yake na chupa ya kola ya mbao mkononi. Hakukimbia. Alisema tu, "Mama, nilidhani nitamaliza kabla hujauhitaji."

Kisa hiki kilikuwa na karibu mwaka mzima. Kijana anapiga gita katika korali ya parokia, na gita la korali lilikuwa moja kwa vijana wanne. Akaamua kuunda lake. Kiwiliwili cha tripleksi na shingo vilimchukua likizo moja, vikanisumbua kwa vumbi la msasa tu. Kichwa ndicho kilichoingia ndani ya nyumba yetu na kukataa kutoka.

Nilimwelewa, na bado namwelewa. Kichwa ndipo jicho linapotua kwanza. Gita la Fender kwa kawaida hupanga funguo zake sita za kukazia nyuzi kwa mstari mmoja upande mmoja, Gibson huweka tatu kwa tatu, na mtu anayejua hutambua gita lilikotoka kabla halijapigwa. Babu yangu alipiga lulanga, ubao uliochimbwa kama sahani ndefu, uzi wake ukipita kwenda na kurudi juu ya mapengo ya ncha mbili. Lulanga haina kichwa. Babu hakuwa na mahali pa kutia alama yake ila sautini. Kitukuu wake alikuwa amepata mahali, akataka pawe pake kweli.

Kichwa cha kwanza kilitoka kwenye kaliptusi wetu wenyewe, uliokatwa kwa ajili ya kuni. Alitaka kichwa cha ng'ombe: pembe mbili ndefu zinazopinda kwenda juu, masikio chini yake, funguo tatu kila shavu. Sisi ni Bashi. Kwetu ng'ombe ndiye mahari na ndiye heshima ya mji wa mtu. Nililipenda wazo hilo tangu alipolichora kwa makaa ukutani. Alichonga majuma mawili, na pembe zilikuwa nzuri, nasema kweli. Lakini kaliptusi mbichi ukikauka hujinyonga. Asubuhi moja tulisikia mlio mdogo, kama wa kijiti kinachovunjwa, na ufa ukawa umeshuka kutoka pembe ya kushoto hadi tundu la ufunguo wa tatu. Mdogo wake ndiye aliyelia.

Baba yao akaenda hadi soko la Kadutu, akarudi na kipande cha mbao ya libuyu kilichokauka vizuri, pamoja na funguo sita zilizong'olewa kwenye gita bovu. Safari hii umbo lilikuwa la kawaida, pambo ndilo lililokuwa kubwa. Kijana alitoa waya wa shaba kwenye mota ya feni iliyoungua, akachimba mifereji myembamba usoni pa kichwa, akaulaza waya humo na kuugonga taratibu mpaka ukakaa sawa na mbao. Kisu changu cha kumenyea viazi kilipoteza ncha katika kazi hiyo. Alipopaka vernisi, shaba iliwaka kama jua juu ya ziwa, na majirani walikuja kutazama.

Kilidumu siku tatu. Gita lilianguka kutoka kitandani hadi sakafuni, kimo cha goti, na kichwa kikakatika nyuma tu ya kile kimfupa chenye mapengo ambapo nyuzi huvuka kuingia shingoni. Kikabaki kinaning'inia kwa nyuzi zake.

Shemeji yangu, seremala, alikuja Jumapili baada ya misa. Hakusema pole kwanza. Alipitisha kidole palipovunjika. "Tazama mishipa ya mbao," alimwambia kijana. Kichwa cha gita kama hili huinamishwa nyuma, digrii 15 hivi, ili kila uzi ukandamize kimfupa na usiruke ukipigwa. Safari ya pili mtoto alikuwa amekata shingo mpya na kichwa katika mbao moja, kwa hiyo mishipa iliyokwenda moja kwa moja shingoni ilikikata kichwa kwa upande, mifupi mifupi, kama biskuti. Na nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta pamoja karibu kilo 70. "Umemtundika mtu mzima juu ya biskuti," shemeji akasema. Dawa yake ni kuikata shingo kwa mshazari, kugeuza kipande kilichokatwa, na kukigundisha upya, ili mishipa ifuate urefu wa shingo na urefu wa kichwa vilevile. Kisha kichwa kivikwe mbele na nyuma kwa mti mgumu, mwembamba, uliokauka miaka mingi.

Mti mgumu uliokauka miaka mingi. Mtoto alitafuta Nyantende nzima, na mwisho akautazama ukuta wa jiko langu. Shemeji alipopewa ule ubapa aupasue, aliambiwa ni mwiko wa zamani, naye akaelewa ni mwiko uliotupwa.

Sikusema nao siku tatu, wote watatu, mume wangu akiwemo, kwa sababu alijua akanyamaza. Siku ya nne alijaribu kunituliza kwa habari za mpiga gita Franco, yule Luambo Makiadi: kwamba gita lake la kwanza lilikuwa la kujiundia, na kwamba mama yake alikuwa akiuza maandazi soko la Ngiri-Ngiri kule Kinshasa, mtoto akipiga karibu na meza yake kuvuta wateja.

"Papa," nikamwambia, "huyo mama maandazi yake aliyapika kwa vyombo vyake, au vilikuwa vimeshakuwa gita?"

Hakujibu. Alitoka nje, akarudi na gita lenyewe, akaliweka mapajani mwangu bila neno.

Nilikuwa nimejiandaa kuona mbao iliyosawazishwa, isiyojulikana tena ni nini. Lakini kijana hakuunyoosha mwiko. Aliufuata. Kichwa chote alikuwa amekikata kwa umbo la ule ubapa, upande wa kushoto mviringo, upande wa kulia umelika kwa mshazari vilevile, pale mkono wa bibi yangu, wa mama yangu na wangu ulipopita. Mshazari huo ulimpa kazi ya ziada, maana matundu ya funguo hayakuweza kukaa sambamba: yale matatu ya kulia ilibidi yaingie ndani na kushuka upana wa kidole, la sivyo uzi mmoja ungesugua mhimili wa jirani yake. Alikuwa amepima kwa uzi wa kushonea mara nyingi mpaka mbao ikajaa alama za penseli. Nilipitisha kidole gumba ukingoni. Ulikuwa ukingo wangu.

Nikamwita. Akaja, akasimama mlangoni.

"Shaba utaweka tena?"

"Hapana, mama. Shaba hapa haifai. Sijui niweke nini."

Mimi nilijua. Nilitia msumari kwenye mbabula mpaka ukawa mwekundu, nikaushika kwa koleo, nikamwonyesha kwenye kipande cha mpini kilichobaki: kuchoma nukta, si kuchora, kugusa na kuinua mara moja, maana ukichelewa nukta inakuwa kidonda. Mama yangu alipamba hivyo vibuyu vyake vya maziwa, safu mbili za nukta zinazofuatana bila kugusana. Safu ya kwanza nilichoma mwenyewe, kwenye ule upande uliolika. Ya pili alichoma yeye, na nukta zake ni ndogo kuliko zangu. Ukikaribia unaona wapi mkono ulibadilika.

Gita limeshaanguka mara mbili tangu siku hiyo, moja ikiwa kwenye ngazi za kanisa, na kichwa hakikusogea. Jikoni nina mwiko mwingine, wa Kadutu, umenyooka pande zote mbili. Ninapokwangua sufuria, naugeuza kila mara kwa upande uleule.