Sistimu Imegoma, Muite Yule Jamaa

Mwisho wa mwezi wewe unawaza mshahara. Mimi nawaza kufunga vitabu. Kazi hii usimwombee hata anayekudai.

Kwenye mkataba mimi ni msimamizi wa sistimu ya ripoti za fedha. Mama mkwe anajua ni mhasibu, kila harusi nabebeshwa daftari la michango. Ofisini ndiyo kabisa, sina hata jina. "Sistimu yuko wapi?" Nipo hapa, bosi.

Programu yenyewe ni Hyperion, ile Oracle waliyoinunua mwaka 2007. Inakusanya hesabu za matawi yote. Nairobi na shilingi yao, Kampala na shilingi yao, Kigali na faranga. Inazigeuza kuwa sarafu moja, halafu inafuta yale tuliyouziana wenyewe kwa wenyewe. Raha, eti? Sasa Nairobi anasema anamdai Kampala. Kampala anasema deni hilo halijui. Wote wananipigia mimi! Kwani mimi ndiye niliyekopa?

Halafu kuna hii kanuni ya uhasibu, IAS 21. Mali na madeni unageuza kwa kiwango cha siku ya kufunga. Mapato na matumizi, kiwango cha siku ya muamala, au wastani wake kama bei haijayumba sana. Viwango viwili, hesabu moja, tofauti lazima ibaki. Inakaa kwenye mtaji, ndiko kwao. Kila mwezi mkurugenzi anaizungushia kalamu nyekundu. "Hii nini?" Mbele ya vijana wa field! Naeleza mpaka jasho. Anamgeukia mhasibu. Mhasibu anasema yaleyale, ila yeye kavaa tai. "Ahaa, sasa nimeelewa."

Usiku nimelala, simu. "Sistimu imegoma!" Kumbe mhasibu kasahau pasiwedi. Anataka nimtajie. Namwambia hata mimi siioni, naweza kumpa mpya tu. "Sasa wewe msimamizi gani?" Nikabaki natazama dari. Mke wangu naye anauliza swali hilohilo.

Hesabu zikibalansi, wahasibu wanaenda kula mbuzi. Zisipobalansi, sistimu mbovu. Na debiti na krediti zenyewe mpaka leo nazisikia tu wakizitaja.

Kama wewe ni mhasibu, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujanipigia usiku, tazama kile kitaa cha herufi kubwa kwenye kibodi. Kikiwa kinawaka, kizime, tulale.