Mamamkwe Si Shehena

Ramani inasema mpaka wa Kenya na Tanzania unapita Lunga Lunga. Mwaka 2020 ulipita sebuleni kwangu, Mji wa Kale, Mombasa. Upande wa dirishani, penye kochi la watu watatu na feni, palikuwa Tanzania. Upande wa mlangoni, penye stuli ya plastiki, palikuwa Kenya, na raia wake wa pekee nilikuwa mimi. Mke wangu, mzaliwa wa kule mwenye kitambulisho cha huku, alishika nafasi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: anaitisha kikao, anasikiliza kila upande, kisha haamui kitu.

Mamamkwe aliingia mwanzoni mwa Machi kutoka Tanga, kuja kumtazama mjukuu mchanga. Alikuwa na begi dogo la mkononi, na begi lile lilinipa matumaini makubwa. Tarehe 13 mwezi huohuo Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona, na siku tatu baadaye Tanzania nayo ikatangaza wa kwao, Arusha. Nikasema, kwa adabu zote anazostahili mzaa chema, "Mama, au uwahi gari ya asubuhi kabla mambo hayajaharibika?"

"Mambo gani, Baba Zuhura? Mtoto hata arubaini hajatoka."

Mke wangu akanitupia jicho. Waliooa Pwani wanalijua.

Basi tukaisubiri arubaini, na kafyu ikaitangulia. Kuanzia Machi 27 kila mtu alitakiwa awe ndani saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mei 6 ukafungwa Mji wa Kale wenyewe, nikawa mfungwa wa kifungo kilicho ndani ya kifungo. Mei 16 Rais Uhuru Kenyatta akamalizia kwa kufunga mpaka wa Tanzania kwa abiria wote, akaacha malori ya shehena tu. Kwenda Tanga, safari ambayo zamani ilikuwa ya kuamka mapema ukala chakula cha mchana ukweni, sasa kulimtaka mama avunje amri tatu za serikali. Nne, kama feri ya Likoni ingemchelewesha mpaka saa ya kafyu.

Kilichonichoma zaidi ni hiyo shehena. Machungwa ya Muheza yalivuka. Hayana pasi, hayana kitambulisho, hayana ndugu wa kuyapokea, na yalivuka. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini kwamba, kwa kuwa sheria ni sheria, tungeweza kumwandikisha mama kama mzigo. Usiku ule kilichoniokoa nisilale barazani ni kafyu. Na hata njia hiyo nayo ikazibwa: haikupita wiki, mikoa ya Tanga na Arusha ikayakatalia malori ya Kenya, kwa hasira ya madereva wao kupimwa upande wetu na kurudishwa.

Ndani ya nyumba hali ilikuwa tete kuliko mpakani. Kila alasiri Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitokea kwenye televisheni na takwimu zake: waliopimwa, waliopatikana, waliolazwa, waliofariki. Mama alimfuatilia kuliko tamthilia za Kituruki. Suti zake alizipenda. Hesabu zake ndizo alizozikataa.

"Mmeongeza tena leo?"

"Tumeongeza, mama."

"Sisi mia tano na tisa. Palepale."

Ni kweli walikuwa palepale. Tanzania ilitoa takwimu za mwisho, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ikafunga daftari. Asiyejihesabu haongezeki. Nilijaribu kulieleza hilo kwa upole, nikiwa nimesimama mbele ya kochi, nikaishia kuelezwa mimi habari za papai.

Habari zenyewe ni kwamba Mei 3 Rais John Magufuli alisimulia jinsi sampuli za papai na za mbuzi zilivyopelekwa maabara kwa siri, zimebandikwa majina ya watu, na majibu yakarudi kwamba wana corona. Kwa mama huo ulikuwa mwisho wa sayansi. Nikitaja barakoa, papai. Nikitaja kupima, mbuzi. Nikinawa mikono kwa sabuni mpaka nipitilize, huuliza kama yule mbuzi alinawa kwato. Mimi nina shahada, iko ukutani ndani ya fremu, na sijapata kushindwa hoja mara nyingi namna ile na mnyama asiyekuwapo.

Kabla ya papai palikuwa na nyungu. Mchaichai, mwarobaini, majani ya mpera na ndimu za kukata, vyote ndani ya sufuria yangu ya pilau, na mimi nimeinamia juu yake chini ya blanketi la manyoya, mwezi wa Aprili, Mombasa. Nilisema siumwi. Mama akasema ndiyo maana. Mke wangu alipofungua dirisha kunihurumia, mvuke ukatoka kwa wingi hata jirani wa chini, mzee wa Nyumba Kumi, akapiga simu kuuliza kama kuna mgonjwa tunayemficha. Wakati ule akipatikana mgonjwa, nyumba nzima inabebwa karantini, na karantini mnajilipia wenyewe. Nikajibu kwamba tunapika. Sikusema tunapika nani.

Ramadhani ikatukuta hivyohivyo. Misikiti ya kwetu ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tarawehe ilisaliwa sebuleni na imamu nikawa mimi, kwa ukosefu wa wagombea wengine. Tanga misikiti ilikuwa wazi. Shemeji yangu akawa anamtumia mama sauti za tarawehe ya msikiti wao kwa WhatsApp, na mama akawa ananisogezea simu sikioni wakati wa daku ili, alivyosema bila ubaya wowote, na mimi nipate kusikia kisomo.

Mwezi wa Juni kaka yake mama akafariki huko Tanga. Kuzikwa ni siku hiyohiyo, na mpaka ni uleule. Alihudhuria maziko kwa simu ya shemeji, iliyoshikwa kwa mkono mmoja, mara mbingu, mara viatu vya watu, hadi bando likakatika wakati wa kuteremsha. Jioni ile sikukaa Kenya. Nilikaa kwenye kochi, tukasoma Yasini.

Zuhura, binti yangu mkubwa, alikuwa darasa la sita. Binamu yake wa Tanga, waliozaliwa mwaka mmoja, alirudi shule mwisho wa Juni. Sisi Julai tukatangaziwa kwamba mwaka mzima wa masomo umehesabiwa umepotea. Oktoba wakaitwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, na wengine wakaambiwa wangoje Januari 2021. Zuhura aliupokea msiba huu kwa uthabiti mkubwa. Kila asubuhi binamu alipiga simu akiwa na sare, soksi zimevutwa hadi magotini, na Zuhura alimjibu akiwa kitandani na kipande cha mkate mkononi. Bibi yake alipomwambia kwamba angekuwa Tanga sasa hivi angekuwa darasani, mtoto akatangaza kwamba yeye ni Mkenya na atakufa Mkenya. Ndiye raia wa pili niliyempata sebuleni, na sikumuuliza sababu zake.

Julai 7 Mombasa ikafunguliwa, mpaka bado. Agosti 1 ndege za kimataifa zikaruhusiwa, lakini Tanzania haikuwamo katika orodha ya Kenya ya nchi ambazo watu wake wangeingia bila karantini. Tanzania ikajibu kwa kuzizuia ndege za Kenya Airways, kisha za kampuni nyingine tatu, mpaka Septemba walipopatana. Nadhani hakuna mtu Afrika Mashariki aliyeziombea ndege zile amani kama mimi, na nauli ya ndege sikuwa nayo.

Palitokea kijana mmoja wa Vanga aliyejitolea kumvusha mama kwa mashua usiku, kwa bei ya kindugu. Nikamfikishia mama salamu hizo kwa mzunguko, kama habari niliyoisikia tu.

"Mimi? Niingie kwetu kwa mlango wa uani?"

Hakuondoka mpaka mambo yalipolegea mwishoni mwa mwaka, akapita mlango wa mbele, begi lake dogo likiwa limezaa mabegi. Mtoto mchanga aliyekuja kutazamwa alimpungia mkono akiwa amesimama dede.

Ningetaka kusema yaliishia hapo. Lakini Machi 2021 Rais Magufuli alifariki, Rais Samia Suluhu Hassan akashika nchi, na Mei Tanzania ikatangaza masharti mapya: anayeingia aje na cheti cha PCR kisichozidi saa 72. Julai 28 Rais akachanjwa hadharani, ya Janssen, na mama akapanga foleni chanjo zilipofika Tanga. Akapiga simu siku hiyohiyo.

"Sindano moja tu, Baba Zuhura. Nyinyi hiyo AstraZeneca yenu si mpaka mbili?"

Sikutaja mbuzi. Mkwe ana mipaka yake.

Septemba shemeji akaoa, na hapo ndipo nilipoonja mwenyewe. Nikahi Ijumaa alasiri. Ukipimwa Jumanne asubuhi, cheti kinakufa Ijumaa asubuhi. Ukipimwa Alhamisi, majibu yanakukuta biharusi ameshapelekwa. Mke wangu naye alisema dada wa bwana harusi hafiki siku ya harusi kama mpita njia, lazima Jumatano awe jikoni anagombana na wenziwe. Kwa hiyo tukapimwa Jumatatu, nyumba nzima, katika hospitali moja ya binafsi ambayo sitaitaja kwa kuwa pua bado inaikumbuka. Kile kijiti kinaingia mpaka mahali ambapo mtu huwa anahifadhi majina ya walimu wake wa chekechea. Bei yake ingemtoshea mahari mtu asiye na tamaa.

Majibu yakaja Jumanne usiku: wote wazima. Cheti changu kilikuwa na jina langu kamili, namba yangu ya pasi, na jinsia ya kike. Jumatano alfajiri nikarudi hospitalini kudai uanaume wangu. Dirisha la kwanza likanielekeza la pili, la pili likaniuliza kama nina ushahidi. Nikatoa kitambulisho. Yule dada akakitazama, akanitazama, akasema mtandao uko chini, ningoje. Nikangoja pale, mume wa mtu, baba wa watoto, kisheria nikiwa mama yao.

Kisha ikaja fomu ya afya ya Tanzania, ya kujazwa kwenye mtandao ndani ya saa 24 kabla ya kufika. Ikaniuliza namba ya kiti. Tulikuwa tumekodi Noah. Nikaandika "nyuma, karibu na karai la kaimati," ikakataa, ikataka tarakimu. Nikaandika 3. Hakuna aliyewahi kuniuliza tena habari za hiyo tatu.

Njiani mama alipiga simu mfululizo. Mmevaa barakoa? Watoto wamevaa? Msije mkatuletea wimbi, huku watu wanajilinda. Barakoa za harusi zilikuwa tayari, zimeshonwa kwa kitambaa cha sare, zambarau yenye maua ya dhahabu, na yangu ilikuwa inaningoja. Nilimtazama mke wangu kupitia kioo cha mbele. Mke wangu, kwa niaba ya Jumuiya, akatazama minazi.

Mpakani siku hizi hushughulikiwi mara mbili: ofisi za nchi zote mbili ziko chini ya paa moja, upande unaoingia, na dirisha la Kenya liko hatua chache tu kutoka la Tanzania. Ungedhani hivyo ni haraka. Tulilengwa vipajini na kile kibastola cha kupima joto, tukapanga mstari mmoja, kisha mwingine, na afisa kijana akaanza kukagua vyeti vyetu kimoja kimoja, akilinganisha picha na kile kidogo cha uso kilichobaki juu ya barakoa. Kwenye changu alikaa sana. Nadhani aliona mahali palipofutwa.

Nyuma yake, kwenye njia ya miguu iliyokata katikati ya mihindi, akapita mzee mmoja na mbuzi wake wawili, anatoka Kenya anakwenda Tanzania. Akamwita afisa kwa jina. Afisa akamwamkia, akamuulizia wajukuu, mzee akapita.

"Samahani ndugu yangu," nikasema, "yule mzee cheti chake kimekaguliwa wapi?"

"Yule wa hapahapa."

"Na mbuzi?"

Afisa akainua macho juu ya barakoa, akanitazama, akagonga muhuri.

"Mbuzi, mzee, tulishampima mwaka jana."