Minyaa Haikuwa Mpaka

Mafundi wa jirani walifika alfajiri na kamba, sururu na majembe, na kabla chai yetu haijachemka walikuwa wamekwisha kung'oa minyaa na kuanza kuchimba msingi upande wetu. Mama mkwe ndiye aliyesikia kwanza. Alitoka na khanga begani, akashuka mtaroni, akaketi.

"Shikamoo mama," fundi akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Endelea kuchimba, unizike humu humu."

Kazi ikasimama. Mume wangu alikuwa safarini; nilipompigia alinisihi nimtoe mama yake shimoni. Nimtoe kwa nguvu gani? Nilimpelekea chai na chapati, akanywea humo humo, huku kuku wetu wakipita kwenye pengo kwenda kufukua mchicha wa jirani.

Tunakaa Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko. Uzio ule tuliukuta. Aliyetuuzia alinyoosha mkono tu, akasema mpaka ndio huo. Jirani alidai minyaa ilipandwa na mwenye kiwanja chake wa kwanza, kwa hiyo ni mali yake hadi mzizi wa mwisho. Mama mkwe akamjibu kuwa miaka yote anayeipogoa ni yeye. Utomvu ulishamwingia machoni akalala na kitambaa cha maji usoni. Nani ateseke vile kwa mti wa mwenzake?

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Minyaa huhama. Utomvu wake unaweza kumpofusha mtu kwa muda, hivyo kila nyumba hukata upande wake tu, tena kwa hofu. Upande ulioachwa hunenepa, vipande vinavyoanguka huota mizizi, na baada ya miaka uzio uko mahali ambapo hakuna aliyeupanda. Anayeupogoa hapati ardhi kwa kuupogoa, na aliyeupanda hasogezi mpaka kwa kuupanda.

Mjumbe alikuja, akatuliza sauti. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye akauliza swali moja: bikoni ziko wapi? Viwanja vyetu vimepimwa, na namba za bikoni, yaani alama za mpaka, zimeandikwa kwenye ramani ya upimaji. Tukachanga pesa, tukamwita mpima ardhi mwenye leseni. Bikoni ya kwanza ilikuwa chini ya banda la kuku wetu, ya pili chini ya lundo la kokoto za jirani. Kamba ilipovutwa kati ya bikoni hizo, watu walinyamaza. Minyaa ilikuwa imekatiza mpaka mshazari: upande wa barabarani ilikuwa imeingia kwetu, upande wa bondeni imeingia kwa jirani. Mtaro wa mafundi ulikuwa ndani ya kiwanja chetu. Mpapai ambao mama mkwe aliumwagilia tangu mche ulikuwa wa jirani.

Likabaki suala la ukuta. Msingi huwa mpana kuliko tofali zinazokaa juu yake. Ukipanga tofali zako kuufuata mstari wa mpaka, zege lako limeshalala kwa mwenzako. Anayejenga kwa pesa yake arudi ndani kiasi cha kuutosha msingi, na ukuta utakuwa wake peke yake. Sisi tulichagua ukuta wa pamoja, juu ya mstari wenyewe, gharama nusu kwa nusu. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti: nani atapiga lipu upande upi, nani atakarabati, na matundu ya kupitishia maji yaachwe wapi, maana kwenye mteremko wetu ukuta usio na matundu huangushwa na masika. Mpapai jirani aliuacha, na matunda tunagawana.

Tungeshindwa kuelewana, safari ingekuwa ndefu. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi; linasuluhisha tu, na likishindwa mlalamikaji anakwenda na cheti chake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda hata bila cheti. Huko kesi inaweza kula pesa ya kuta mbili.

Wewe unayenunua kiwanja kilichopimwa, usimalize kulipa kabla mpima hajakuonesha bikoni zako zote, na majirani wa kila upande wawe wamesimama hapo wakiziona.