Mguu Mzima Upande, Mbovu Ushuke

Dole gumba langu la mguu wa kulia lilikuwa limewalalia wenzake kama abiria aliyesinzia kwenye basi la Dodoma, mpaka daktari akaukata mfupa na kuunyoosha. Ganzi ilipoisha usiku ndipo nilipoelewa kwa nini muuguzi alisisitiza nile kwanza: diklofenaki haitaki tumbo tupu. Hilo halikunisumbua. Ukiugulia Morogoro, kila anayekuja kukupa pole huja na mkungu wa ndizi.

Nyuzi zilipotolewa nikaagizwa niuinue mguu kuliko moyo, niukande kwa barafu ili uvimbe upungue. Friji letu hugandisha likijisikia. Mtoto akatumwa kwa jirani anayeuza barafu, akarudi nazo: za ubuyu. Baridi ni baridi, nikajifunga. Kifuko kikapasuka. Shangazi akaingia, akaona shuka jekundu, akaangua kilio kilichokusanya nusu ya mtaa. Pembeni, mtoto alikuwa anainyonya dawa iliyobaki.

Kisha magongo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kanuni: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, yatangulie magongo na mguu mbovu. Kanuni safi kwa ngazi za hospitali. Lakini huku kwetu, chini ya milima ya Uluguru, njia hupanda na kushuka bila taarifa, na kila hatua ilinibidi nisimame niamue mguu upi una zamu. Wanauita mji kasoro bahari. Mimi niliona una kasoro ya pili, tambarare. Kilele cha Lupanga kina zaidi ya mita 2,100, na wala sikuwa na nia nacho. Nilitaka sukari.

Akinamama wa Kiluguru walikuwa wanateremka kutoka njia ya Morningside, mabeseni ya karoti na magimbi kichwani, wakinipita kushoto na kulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Waenda wapi?"

Nikamwonyesha duka kwa gongo. Lilikuwa linaonekana.

Akaenda sokoni, akauza, akanywa na chai kwa jinsi alivyokuwa anafuta mdomo, akarudi na beseni tupu.

"Ndiyo unarudi, mwanangu?"

"Hapana, bibi. Bado nakwenda."

Akanitazama, akalitazama duka.

"Nipe hela nikununulie."

Sijamaliza kuyageuza magongo, yuko dirishani kwa muuza duka, analalamikia bei.