Njia Haina Magari, Foleni Ipo

Watu wa Dar es Salaam wana imani moja ambayo sisi wa Chikongola, Mtwara, tumeshindwa kuwatoa: kwamba foleni huletwa na magari. Ondoa magari, wanasema, mtu atateleza toka hapa hadi Ruvuma bila kugusa breki. Imani hiyo ndiyo iliyomshusha shemeji yangu stendi ya Mtwara mwezi Agosti, akiwa na baiskeli ya gia iliyolipiwa nauli kama abiria, kofia ngumu yenye matundu, na kaptura ya kubana isiyoficha chochote alichojaliwa na Mwenyezi Mungu.

Alitaka kutembea pwani kwa baiskeli, mahali pasipo na honi wala moshi. Nikamweleza jiografia. Ukienda Mikindani ni lami, kilomita kumi hivi, bahari iko mkono wa kulia na mandhari yanaliwaza. Ila lami hiyo unagawana na malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka mkoa wa Ruvuma kwenda bandarini, na msimu wa korosho nao una malori yake. Ukivuka na kivuko kwenda Msangamkuu, magari ni ya kuhesabu, lakini mchanga wa huko baiskeli husukumwa, haipandwi. Ilibaki Msimbati: kilomita arobaini na ushei, barabara ya vumbi kupitia Madimba, na mwisho wake ufukwe ambao maji yakipwa mchanga hukaza mpaka unaweza kukanyaga pedali kwa raha hadi Ruvula.

"Wenzetu Hispania," akasema shemeji, ambaye alikuwa amesoma, "tangu mwaka 1993 wanageuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli. Wana zaidi ya kilomita 3,000 sasa."

Nikamjulisha kwamba Mtwara tuliwatangulia. Reli tulikuwa nayo. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947, ili mavuno ya Nachingwea yateremke hadi bandari yetu. Karanga zikakataa kuota walivyotaka, mamilioni ya pauni yakafukiwa ardhini, mradi ukavunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Kwa hiyo nusu ya kazi ya Wahispania tuliimaliza miaka thelathini kabla yao. Imebaki ile nusu ya baiskeli.

Tulitoka alfajiri, mimi na baiskeli yangu ya chuma yenye keria ya kubebea gunia, yeye na ile nyepesi anayoinua kwa vidole viwili. Foleni ya kwanza tuliikuta kabla mtaa haujaisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmeamkaje? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na ule mguu wake?"

Swali la mguu halijibiwi mtu akiwa juu ya baiskeli. Lazima ushuke, uegeshe, ueleze ulivyovimba, dawa aliyopewa hospitali na ile aliyopewa na jirani, na ipi kati ya hizo inasifiwa. Bibi akimaliza kusikitika, hatua ishirini mbele yupo babu, naye ana mgongo wake. Pwani yetu ukimpita mtu mzima bila salamu umemtukana, na ukimsalimia nusunusu umemtukana mara mbili. Taa za barabarani Dar huwaka kijani hatimaye. Mzee wa Kimakonde aliyekaa barazani haruhusu mpaka ajue umetoka kwa nani na unakwenda kwa nani.

Shemeji hakuwa na subira hiyo. Alipiga kengele, akainamia usukani, akapita. Nyuma yake nikasikia babu akiuliza, "Yule anakimbilia wapi? Kuna msiba?"

Huwezi kumlaumu. Vijijini mtu mzima anayekanyaga baiskeli asubuhi namna ile, hasalimii, keria haina mkaa wala samaki wala mgonjwa, tena katoka na nguo ya ndani kwa kukosa muda wa kuvaa suruali, huyo kabeba habari ya kifo. Nilipiga kelele, "Hapana, babu, tunatembea tu!" Lakini upepo wa kusi ulikuwa unavuma kutoka mbele. Sijui ulimfikishia maneno gani, maana nilipogeuka alikuwa ameshavua kofia.

Kutoka hapo habari ikawa inatutangulia. Sisi tulikuwa na baiskeli. Habari ilikuwa na simu. Kila kijiji tulichoingia tulipokewa na "Poleni", na kila nilipokana watu walizidi kuamini, kwa sababu mfiwa mstaarabu hatangazi njiani.

Karibu na Madimba, panaposafishwa ile gesi ya Ghuba ya Mnazi iliyogunduliwa mwaka 1982 na kuanza kupelekwa Dar kwa bomba mwaka 2015, baiskeli ya shemeji ilikutana na mbigiri. Kwa asiyeijua: ni kijimmea kinachotambaa chini, kina ua dogo la njano la kupendeza, na mbegu zake zina miba inayosimama wima hata ukiitupa vipi. Tairi langu nene liliziokota na kuendelea nazo. Tairi lake la lami lilitoa pumzi moja ndefu likalala.

Fundi tulimkuta chini ya mkorosho. Akaitoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni, mapovu yakachomoza sehemu nyingi kuliko viraka alivyokuwa navyo. Hata hivyo akakwangua kwa msasa, akapaka solushen, akapuliza, akabandika vipande alivyovikata kwenye tyubu kuukuu. Kazi safi. Ndipo pampu ilipogoma: mdomo wa tyubu ya shemeji ni mwembamba, na pampu zote za kijijini ni za mdomo mnene. Fundi akaugeuza huku na huku, akautazama kwa huruma, akauliza, "Hii mliinunua mkiwa na mtu mzima?"

Dawa yake ilikuwa nyasi. Aliitoa tyubu, akalijaza tairi nyasi kavu akazishindilia kwa mpini wa nyundo, akalirudisha kwenye ringi. Baiskeli ikatembea, kwa mirukomiruko. Tatizo likawa mbuzi. Kila palipokuwa na upenyo kati ya tairi na ringi jani lilichungulia, na kila jani lililochungulia lilipata mbuzi wake. Tuliingia Msimbati na msafara.

Nilimfariji kwamba si yeye wa kwanza kuja pande hizi na kipando kisichofaa. Mwaka 1866 David Livingstone alifika mlango wa Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, akitaka kuanzia hapo safari ya bara. Mikoko na tope vikamkatalia kushusha wanyama, ikabidi meli igeuke hadi Mikindani. Ngamia wenyewe hawakufika mbali. Shemeji akauliza kama Livingstone alikuwa amevaa suruali, maana wanawake wa Msimbati walikuwa wameanza kugeuza nyuso.

Bibi mmoja aliyekuwa anaanua dagaa hakugeuza uso. Alimtazama shemeji juu mpaka chini, akavua kanga ya begani, akamtupia. "Jisitiri, baba. Msiba haukatazi nguo." Ilikuwa imeandikwa *Haraka haraka haina baraka*. Shemeji akajifunga kiunoni, akashukuru, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasalimia kikamilifu.

Ufukwe, nisiwe mnafiki, ulitulipa. Eneo lote hili limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na maji yakiwa yamepwa unapata barabara pana ya mchanga uliokaza, mnazi upande mmoja, bahari ya kijani upande wa pili, kaa wakikimbilia mashimoni. Hapakuwa na gari wala pikipiki. Hata watu wa kusalimia waliisha. Shemeji akapandisha gia, akaachia mikono yote miwili, akapiga ukelele wa furaha. Hapo mnyororo ukaidaka kanga.

Alianguka taratibu, kwa heshima. Tulipomaliza kuichomoa, mnyororo ulikuwa umeshakula nusu ya maandishi. Aliendelea na safari akiwa na *Haraka haraka* peke yake mgongoni.

Ruvula tulikunywa madafu tukajinyoosha kivulini. Mvuvi aliyekuwa anashona nyavu akatuambia, "Wanangu, leo bamvua. Msichelewe." Shemeji akamwonyesha simu: ramani ilisema ufukwe hadi Msimbati ni mwendo mfupi tu kwa baiskeli. Mvuvi akaisoma, akaona mstari mzuri wa bluu, akarudi kwenye nyavu zake. Ramani ile ilikuwa ya kweli, kwa saa iliyochorwa. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kama dakika 50, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu hurudi kuchukua mpaka mizizi ya minazi.

Ilirudi tukiwa katikati. Kwanza ikatubana kwenye mchanga laini, tukashuka. Kisha ikafika magotini, tukazibeba baiskeli kichwani; na hapo niliona faida ya baiskeli nyepesi kwa mara ya kwanza, na hasara ya keria ya kubebea gunia. Nyasi za kwenye tairi zilivimba, zikaanza kumdondokea shemeji usoni. Simu zote mbili zilikuwa mfukoni, na mfuko ulikuwa chini ya maji.

Tulifika Msimbati jua limezama, tumekauka chumvi. Kirikuu kilichobeba ndoo za samaki kilikuwa kinaondoka kwenda mjini. Yule mtu aliyesafiri zaidi ya kilomita 500 kuyakimbia magari alilikimbilia lile kwa mikono miwili juu, akamsalimia dereva, utingo na tairi la akiba.

Chikongola umeme ulikuwa umekatika. Nyumbani tulikuta mikeka imetandikwa barazani, wanaume wamekaa kimya gizani, na uani sufuria la wali linanukia nazi. Hakuna aliyetutambua. Wakatusogezea nafasi, tukanawa, tukaletewa sahani. Shemeji alikuwa na njaa ya siku nzima. Alikula hadi nusu ndipo akamwinamia mzee wa jirani.

"Samahani, baba. Marehemu ni nani?"

"Mgeni wa nyumba hii, kijana wa Dar," mzee akanong'ona. "Kaliwa na mamba huko Ruvuma, na baiskeli yake. Ulikuwa unamfahamu?"

"Kidogo," akasema shemeji, akaomba aongezewe mchuzi.