Maalim Ajibu: Nyumba Mbovu Nitoe Ngapi?

"Maalim, nimeona nyumba ya mawe ya ghorofa mbili hapa Malindi, Unguja. Dari inavuja, ukuta unamwaga unga, na dalali anataka milioni 180. Nitoe ngapi? – Mpenda Nyumba."

Mwanangu, umefanya vyema kunijia mimi kabla ya kumrejea dalali, kwani katika mji huu wenye waulizaji wengi na waulizwaji wachache, hapana ukuta nilioutazama ukanificha siri yake, wala hapana mwenye nyumba aliyenitajia bei usoni pangu pasina sauti kumkwama kooni. Marehemu babu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kuwa nilizaliwa nikitazama dari. Na ijapokuwa watoto wote huzaliwa hivyo, yeye alishuhudia kwamba mimi niliitazama kwa kuikosoa.

Unga huo unaokutisha ni chumvi. Nyumba zetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, navyo hunywa unyevu na kuutoa tena taratibu; walakini mtu akija akazipiga lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hurundikana nyuma, na baada ya masika chache lipu huanguka pamoja na uso wa ukuta. Kwa hiyo fundi yeyote atakayekufanyia makisio kwa mifuko ya saruji, mpe kahawa, msindikize mpaka mlangoni, kisha komeo ulitie wewe uliye ndani. Mtafute fundi wa chokaa, tena chokaa iliyozimwa ikalazwa kwa wiki kadhaa. Huyo atakutajia gharama kubwa zaidi na muda mrefu zaidi, nayo karatasi yake ndiyo utakayomwekea dalali mezani.

Ama boriti, dalali atakuambia kwamba vyumba ni vyembamba kwa ajili ya ustaarabu wa wazee. Si kweli, ni kwa ajili ya boriti za mikoko, ambazo hazifiki mbali zaidi ya takriban mita 3. Chukua bisibisi, usimame chini ya choo cha ghorofani, ambako mabomba yaliyotiwa baadaye huvuja kimya kimya, uichome boriti pale kichwa chake kiingiapo ukutani: ikigoma, ihesabu nzima; bisibisi ikizama kama kidole katika andazi, anza kuhesabu shilingi. Na asiye na bisibisi na amwalike shemeji yake aliye mnene kuliko wote, ampandishe juu kwa kisingizio cha kutazama bahari, naye abaki chini akisikiliza. La, asibaki chini, abaki barazani.

Hapa sharti niitaje, ingawa unyenyekevu wangu mashuhuri wanikataza, ilimu ya kukohoa, ambayo katika mwambao wote huu hapana aijuaye kunishinda. Kikohozi cha kwanza hukoholewa mlangoni, kwa taadhima, ili dalali adhani ni vumbi. Cha pili hukoholewa chini ya doa la maji, kirefu, kikifuatwa na kimya na jicho lililoelekezwa juu. Cha tatu ni cha msiba, nacho hakikohoi ila aliyekwisha kusikia bei. Niliwahi kumsindikiza rafiki kutazama nyumba, nikakohoa mara ya tatu tu, na dalali mwenyewe, pasina kuulizwa, akaanza kutubu juu ya paa. Watu walisema nilikuwa na mafua. Hasidi hakosi sababu.

Nilikuwa naingia katika kikohozi cha nne, cha ngazini, mara mhariri ametuma kijana kuniambia kuwa nafasi imekwisha. Basi haraka: uliza kwanza kama nyumba ni wakfu, maana wakfu hauuzwi hata ukikohoa mpaka Idi. Kama ni ya mirathi, warithi wote watie saini, na mjane mwenye thumuni yake asisahauliwe. Pata idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, kabla hujagusa hata dirisha. Nyumba kongwe huficha maradhi. Beit al-Ajaib yenyewe, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo. Kwa hiyo, ikiwa nyumba nzima ya jirani huuzwa milioni 200, na fundi wa chokaa amesema 60, ongeza robo kwa yaliyojificha, yaani 15, kisha 10 kwa vibali na kodi ya pale utakapojisitiri mafundi wakifanya kazi, yabaki 115. Anza na 100, na ukifika 115 vaa viatu uondoke. Arbuni isitoke mfukoni kabla ya saini zote kupatikana. Ukiipata nyumba, siku ya pilau nitumie kijana aje kunichukua, maana ngazi za Malindi ni za mwinamo mkali na shemeji yako atakuwa amezitangulia.